Mpira wa Magongo wa Ndani na Mashindano ya Klabu za Wanawake

Watu wengi wakisikia neno hoki huona mawazoni uwanja mpana wa majani, wachezaji ishirini na wawili, na mpira mdogo mgumu unaokwenda kasi kama jiwe la kombeo. Huo ni mpira wa magongo wa nje, nao tumeuzoea. Lakini uko ndugu yake mdogo, uchezwao chini ya paa, juu ya sakafu, na watu wachache zaidi. Huo ndio mpira wa magongo wa ndani, na ndio somo letu la leo.

Nataka kueleza mambo manne: mchezo wenyewe ulivyo, ulikotoka, kwa nini klabu ni jambo kubwa kuliko timu ya taifa, na namna ya kupanga mashindano ya klabu sita za wanawake yaishe katika siku mbili. Nimechagua klabu za wanawake kwa sababu moja. Dada zetu wengi hucheza hoki shuleni, tena hucheza vizuri. Siku wanapomaliza masomo, gongo huwekwa nyuma ya mlango, na huko hukaa mpaka liliwe na mchwa. Si kwamba hawaupendi mchezo tena, bali hawana mahali pa kuuchezea. Mimi naona mchezo wa ndani waweza kusaidia sana, hasa katika mitaa iliyosongamana nyumba kama Kansanga.

1. Mchezo ulivyo

Kiwanja cha nje kina yadi 100 kwa 60, yaani meta 91.4 kwa 55. Kiwanja cha ndani kikubwa kabisa ni meta 44 kwa 22, na kidogo kabisa ni meta 36 kwa 18. Zidisha mwenyewe: cha nje ni kama meta za mraba 5,027, na cha ndani ni meta za mraba 968. Basi cha ndani ni kadiri ya sehemu moja ya tano tu ya kile cha nje.

Wachezaji pia hupungua. Badala ya kumi na mmoja, kila upande huwa na sita uwanjani pamoja na golikipa, na timu nzima huandikisha watu wasiozidi kumi na wawili. Wa akiba huingia na kutoka wakati wowote, mara nyingi wapendavyo, wala si lazima mchezo usimame. Mchezo ni wa dakika 40, nazo hugawanywa mara nne, dakika kumi kumi. Goli lina upana wa meta 3 na kimo cha meta 2, nalo ni dogo kuliko la nje. Mbele ya goli pana duara la meta 9, na bao halihesabiwi ila mpira umepigwa na mshambuliaji aliye ndani ya duara hilo.

Ziko tofauti tatu ambazo mgeni hana budi kuzijua kabla ya kushika gongo.

Ya kwanza ni mbao za kando. Katika mistari miwili mirefu ya kiwanja huwekwa mbao zenye kimo cha sentimeta 10. Mpira ukigonga ubao hurudi mchezoni, kwa hiyo mchezo hausimami ovyo. Mchezaji mwerevu hutumia ubao kama mwenzake wa saba: humpita adui upande mmoja, na mpira hupita upande wa pili kwa kugonga ubao. Pembe ambayo mpira huujia ubao ni karibu sawa na pembe unayoondokea. Jambo hili tumelisoma katika fizikia tulipofundishwa habari za mwanga na kioo, na hapa twaliona kwa macho.

Ya pili, hapana ruhusa kuupiga mpira kwa kuliinua gongo nyuma na kulishusha kwa nguvu. Mpira husukumwa tu, gongo likiwa limeugusa. Aliyezoea kupiga mikwaju mirefu ya nje huona taabu sana hapa, maana nguvu zake hazina kazi. Kinachotakiwa ni mikono miepesi, magoti yaliyokunjwa na mgongo ulioinama. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Waliosema hivyo hawakuwa wachezaji wa hoki, lakini maneno yao yangefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila ukumbi.

Ya tatu, mpira haunyanyuliwi kutoka sakafuni, isipokuwa mtu akiwa ndani ya duara na anapiga golini. Sheria hii ni ya usalama. Mpira wa hoki una uzito wa gramu 156 hadi 163, tena ni mgumu. Katika nafasi ndogo, mpira unaoruka ungevunja meno ya watu. Kwa sababu hiyo hiyo, mchezaji asiye golikipa hakubaliwi kuucheza mpira akiwa amelala au amepiga goti sakafuni.

Kosa la walinzi katika duara lao huleta kona ya adhabu: golikipa hubaki golini, walinzi wenzake husimama nyuma ya mstari wa goli, na washambuliaji husubiri nje ya duara mpaka mpira usukumwe kutoka mstari wa nyuma. Kosa la kuzuia bao la hakika huleta adhabu nzito zaidi, mtu mmoja akisimama meta 7 kutoka golini akabiliane na golikipa peke yake. Waamuzi ni wawili, nao wana kadi za kijani, manjano na nyekundu.

Haya yote huzaa mchezo wa namna gani? Gawanya eneo kwa wachezaji utaona. Nje, kila mmoja ana kama meta za mraba 228 za kukimbilia. Ndani, ana kama 80 tu. Hana nafasi ya kujificha wala muda wa kufikiri kwa muda mrefu. Mpira humfikia kila mchezaji mara nyingi, na timu yenye msichana mmoja hodari na watano wazembe hushindwa na timu ya sita wa kadiri wanaoelewana.

2. Ulikotoka

Mchezo wa ndani ulianza Ujerumani katika miaka ya 1950. Huko wakati wa baridi viwanja hufunikwa na theluji, na wachezaji hawakutaka kukaa bure miezi mitatu au minne. Wakaingia katika kumbi zao za michezo, wakakuta kiwanja cha mpira wa mikono chenye meta 40 kwa 20, wakaona chatosha. Kombe la Dunia la kwanza la mchezo wa ndani lilichezwa Leipzig mwaka 2003, na Wajerumani walilitwaa kwa wanaume na kwa wanawake pia. Mwaka 2023 Kombe hilo lilikuja Afrika kwa mara ya kwanza, huko Pretoria, na timu za wanawake za Afrika Kusini na Namibia zilikuwamo. Ubingwa wa wanawake ulichukuliwa na Uholanzi.

Sisi hatuna theluji. Lakini tuna mvua za masika tangu Machi hata Mei, na mvua nyingine tangu Septemba hata Novemba, ambazo hugeuza uwanja wa majani kuwa shamba la mpunga. Tena tuna uhaba wa ardhi. Mjerumani alikimbia baridi. Mtu wa Kampala ana sababu zake mwenyewe za kuingia ndani.

3. Klabu ndiyo nyumba ya mchezo

Watu hupenda kuhesabu ushindi wa mataifa. Lakini taifa haliwezi kuwa na timu kama hakuna klabu zinazocheza kila juma. Nitatoa mifano miwili, mmoja wa kwetu na mmoja wa jirani zetu wa kusini.

Mwaka 1972 Uganda ilipeleka timu ya hoki ya wanaume katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, ile ile ambayo John Akii-Bua alishinda mbio za meta 400 za kuruka viunzi. Wengi katika timu ile ya hoki walikuwa Waasia wa Uganda, waliokulia katika klabu zao za mjini. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, kabla michezo haijafunguliwa, Idi Amin alikwisha kutangaza kwamba Waasia watoke nchini katika siku 90. Klabu zikabaki bila watu. Tangu mwaka ule Uganda haijarudi katika hoki ya Olimpiki. Timu yaweza kufutwa kwa siku 90. Kujenga klabu mpya kwahitaji maisha ya watu wawili watatu.

Mfano wa pili ni wa wanawake. Mwaka 1980 hoki ya wanawake iliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Moscow. Nchi nyingi zilisusia, na Zimbabwe, iliyokuwa imepata uhuru mwezi wa Aprili mwaka ule, ilialikwa majuma machache tu kabla ya michezo. Walicheza juu ya majani ya bandia ambayo hawakuyazoea, nao hawakushindwa hata mara moja. Walipata pointi 8, Chekoslovakia 7, Urusi ya Kisovieti 6, na nishani ya dhahabu ikaenda Harare, ambayo wakati huo ilikuwa bado ikiitwa Salisbury. Waliwezaje? Walikuwa wanawake wa klabu, waliocheza pamoja na kupambana wao kwa wao kwa miaka mingi. Lakini somo hili lina upande wake wa giza. Wote katika timu ile walikuwa Wazungu, maana klabu zile na viwanja vile havikuwa vimefunguliwa kwa wasichana Waafrika. Basi klabu ni mlango: aliye ndani huenda mbali, na aliye nje hata kipaji chake hakijulikani.

Karibu nasi, wanawake wa Telkom ya Kenya walitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi. Udhamini ulipokwisha, wachezaji hawakutawanyika, bali waliendelea kwa jina la Blazers. Hapa Kampala, klabu kama Kampala Hockey Club, Weatherhead na Deliverance Church Toto zimekuwa na timu za wanawake, na kwa miaka mingi Lugogo, kando ya barabara ya Jinja, ndipo palipokuwa kitovu cha hoki yote.

4. Namna ya kupanga mashindano

Tuseme klabu sita za wanawake zataka kushindana katika ukumbi mmoja. Tuziite A, B, C, D, E na F. Ziko njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya mtoano: anayeshindwa hutoka. Michezo ni mitano tu, maana kila mchezo hutoa klabu moja, na klabu tano hazina budi kutoka ili moja ibaki. Njia hii ni ya haraka. Lakini klabu mbili huanza bila kucheza duru ya kwanza, na huenda klabu nne zikarudi nyumbani zimecheza mara moja tu. Msichana amelipa nauli ya teksi, ameomba ruhusa kazini, ameacha mtoto kwa mama yake. Acheze dakika 40 kisha aambiwe kwa heri?

Njia ya pili ni makundi mawili ya klabu tatu tatu. Kila kundi lina michezo 3, kisha nusu fainali 2, mchezo wa nafasi ya tatu na fainali. Jumla ni michezo 10. Mchezo mmoja pamoja na mapumziko, kuingia na kutoka, huchukua kama saa nzima. Basi ukianza saa mbili asubuhi utamaliza saa kumi na mbili jioni, siku moja tu.

Njia ya tatu ni kila mmoja kukutana na kila mwenzake. Klabu sita, kila moja ina wapinzani watano: 6 mara 5 ni 30, na kwa kuwa mchezo wa A na B ndio ule ule wa B na A, gawanya kwa 2, upate 15. Hii ndiyo njia iliyotumiwa na wale wanawake sita-kwa-sita wa Moscow mwaka 1980, maana nchi zilikuwa sita. Ni njia ndefu, lakini ya haki. Aliyeteleza asubuhi aweza kusimama jioni. Zimbabwe walitoka sare mara mbili na bado wakawa wa kwanza.

Ugumu wake ni kupanga zamu ili klabu isicheze mara mbili mfululizo bila kupumzika. Andika herufi sita kwa duara. Acha A mahali pake, na kila duru sogeza zile tano nyingine hatua moja. Ukifanya hivyo utapata mpango huu:

Duru ya kwanza: A na F, B na E, C na D.
Duru ya pili: A na E, F na D, B na C.
Duru ya tatu: A na D, E na C, F na B.
Duru ya nne: A na C, D na B, E na F.
Duru ya tano: A na B, C na F, D na E.

Soma mpango huu kwa utaratibu, mchezo baada ya mchezo, na utaona kwamba hakuna klabu inayocheza mara mbili mfululizo, hata mwisho wa duru moja na mwanzo wa duru inayofuata. Jumamosi ichezwe michezo minane ya kwanza, kuanzia saa mbili asubuhi hata saa kumi. Jumapili ichezwe saba iliyobaki, kuanzia saa sita mchana hata saa moja jioni. Siku ya kwanza hakuna klabu inayocheza zaidi ya mara tatu, wala ya pili pia.

Mshindi wa mchezo apewe pointi 3, sare pointi 1 kwa kila upande. Klabu mbili zikilingana pointi, sheria ya kuzitenganisha hapana budi iandikwe na kusomwa mbele ya wote kabla ya mchezo wa kwanza. Sheria inayotungwa baada ya mabao kujulikana hata ikiwa njema huleta ugomvi.

5. Kansanga na ukumbi

Kansanga iko katika Makindye, kusini-mashariki ya mji, kando ya barabara ya Ggaba iendayo ziwani, ukiisha kupita Kabalagala. Ni mtaa wa wanafunzi, kwa sababu ya Kampala International University, ambayo watu huiita KIU, na ya hosteli nyingi zilizoizunguka. Ni mtaa wa maduka, magereji, bodaboda na vijana wengi wa kike waliotoka shule zetu. Tafuta hapo mahali patupu pa yadi 100 kwa 60 upate kupanda majani. Penye nafasi ya namna ile, mwenye ardhi amekwisha kuweka msingi wa nyumba. Na msichana wa Kansanga atakaye kufanya mazoezi Lugogo baada ya kazi atapanda teksi hata mjini na nyingine kutoka mjini, na kurudi usiku. Wazazi wengi hawatakubali, nao wana haki.

Lakini ukumbi waweza kupatikana karibu. Hapa tuseme kweli bila kujidanganya. Kiwanja cha mpira wa kikapu ni meta 28 kwa 15, nacho hakitoshi kwa mashindano ya sheria kamili. Kiwanja cha mpira wa mikono, meta 40 kwa 20, chatosha barabara. Kwa hiyo ukumbi wa kikapu ufanywe wa mazoezi, watu wanne kwa wanne, na ule mkubwa utafutwe mara moja kwa mwaka kwa ajili ya mashindano. Mbao za kando seremala yeyote aweza kuzitengeneza. Sakafu iwe laini na kavu. Sakafu yenye nyufa huufanya mpira uruke, na tumekwisha kuona hatari yake. Golikipa apewe vifaa vyake vyote, kofia ya chuma ya uso, pedi za miguu na glavu, kwanza kabla ya kununua jezi za rangi nzuri.

Neno langu la mwisho ni kwenu, wakubwa wetu mliotutangulia katika shule hii. Wengi wenu leo ni walimu wakuu, wakurugenzi na wasimamizi wa majumba. Ufunguo wa ukumbi uko mfukoni mwenu. Jumanne na Alhamisi jioni kumbi nyingi hukaa gizani. Dada zetu hawaombi uwanja mpya wala fedha nyingi. Waombewe saa mbili, mara mbili kwa juma, na mlinzi wa kufungua mlango.

Mazoezi kwa wasomaji

1. Klabu nane zikikutana zote, kila moja na kila nyingine, ni michezo mingapi? Itahitaji siku ngapi katika ukumbi mmoja?
2. Andika mpango wa klabu nane kwa njia ya duara. Je, yuko anayecheza mara mbili mfululizo? Kama yuko, badili utaratibu wa michezo katika duru mpaka asiwepo.
3. Kwa nini pembe ya mpira kuondoka kwenye ubao si sawa kabisa na pembe ya kuujia? Fikiri juu ya msuguano na mzunguko wa mpira.
4. Chukua kamba ya kupimia, uende kwenye ukumbi ulio karibu na kwenu. Pima urefu na upana. Ukiwa na meta 36 kwa 18 au zaidi, uliza ni nani mwenye ufunguo.